Tunapomcheka Mr. Bean, tunamcheka nani?

Siku moja ya Mungu, nyuma ya ibada ya jioni, vijana wa parokia waliwasha mashini ya umeme, wakatandika shuka nyeupe ukutani, wakatuonyesha michezo mifupi ya Mr. Bean. Ukumbi ulijaa. Wazee walikaa mbele kwenye viti, watoto walikaa chini, akina mama walisimama kando na watoto wachanga mgongoni. Hapakuwa na mtu wa kutafsiri, maana hapakuwa na maneno ya kutafsiri. Bibi mmoja asiyejua Kifaransa wala Kiingereza alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake. Sisi nasi tulicheka.

Siku ya mposho iliyofuata tulifundisha katekismu kama desturi. Tulimwuliza swali mtoto mmoja mwenye kigugumizi. Neno likamkwama kooni kama mfupa wa samaki. Macho yakamtoka, shingo ikavimba. Alipokuwa angali akipigana na neno lake, mwenzake mmoja wa nyuma akapaza sauti: «Bini!» Watoto wote wakaangua kicheko. Nasi, tuseme kweli, hatukumkemea aliyesema. Tulitabasamu. Mtoto yule aliliona tabasamu letu, akakaa chini bila kujibu.

Majuma mawili hakurudi. Ndipo mama yake alipokuja akatukuta mlangoni mwa kanisa. Alitusalimu kwa heshima, kisha akasema: «Baba Mwalimu, mwanangu amekataa kuja. Nimempiga, hakukubali. Anasema, hata Mwalimu alicheka.» Hatukuwa na jibu la kumpa mama huyu.

Tangu siku ile neno hili linatusumbua. Je, michezo ya Mr. Bean ni mibaya? Wengine wamekwisha kutushauri tuikataze katika ukumbi wa parokia. Wengine wanasema: mwache mtu acheke, dunia ina machozi ya kutosha. Sisi tuliona vema, mbele ya kukataza au kuruhusu, tumtafute kwanza mtu mwenyewe. Nani huyu anayetuchekesha? Ametoka wapi? Amefanya nini na maisha yake? Haya tuliyoyapata tunawaandikia, wasomaji wapenzi, nanyi mpime.

1. Mtoto wa mkulima

Jina lake la kweli ni Rowan Atkinson. Alizaliwa tarehe 6 Januari 1955, yaani siku ya Epifania, katika mji wa Consett, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Mji huo wakati ule ulikuwa mji wa kiwanda kikubwa cha chuma, lakini baba yake alikuwa mkulima. Rowan alikuwa mdogo kupita ndugu zake. Walimtia kwanza katika shule ya watoto waimbaji iliyo karibu na kanisa kuu la Durham, kisha wakampeleka St Bees, shule iliyo upande wa pili wa nchi, karibu na bahari. Basi, Waanglikana ndio waliomlea. Tangu utoto aliyazoea mavazi ya ibada, mahubiri marefu na viti vigumu vya kanisa. Neno hili tulishike, maana baadaye atawacheka watu wa kanisa, nasi tutauliza kama anawacheka kama mgeni au kama mtu wa nyumbani.

Wengi wanadhani mtu anayejifanya mjinga ni mtu asiyesoma. Kumbe sivyo. Atkinson alisoma ufundi wa umeme katika universite ya Newcastle, kisha akaenda Oxford, katika Queen's College, akapata shahada ya pili katika ufundi huohuo. Ukimtazama vizuri utauona ufundi huo hata katika uchekeshaji wake. Hakuna kitu anachofanya kwa kubahatisha. Jicho linageuka kwanza, kisha shingo, kisha mkono; kila kimoja kwa zamu yake, kama magurudumu ya saa. Mtu anayetupa mikono ovyo huchekesha mara moja tu, na mara ya pili anachosha. Huyu amepima.

Huko Oxford alikutana na wawili ambao wangemsaidia miaka mingi: Richard Curtis, mwandishi, na Howard Goodall, mtungaji wa muziki. Akaanza kucheza mbele ya wanafunzi wenzake, na mwisho umeme ukampoteza fundi wake.

Lakini liko jambo moja tulilolijua tukiwa tumechelewa sana. Mtu huyu ana kigugumizi.

Hakulificha. Yeye mwenyewe amewaeleza watu wa magazeti kwamba kinakuja na kwenda, na kwamba anapocheza mtu mwingine, asiye yeye, kigugumizi kinamwacha. Akaongeza kwamba labda hiyo ndiyo sababu mojawapo iliyomvuta kwenye kazi hii. Tulipopata habari hiyo tuliona haya. Watoto wetu walitwaa jina la mchezo wake wakalifanya fimbo ya kumpigia mwenzao, kumbe mwenye mchezo na mtoto anayepigwa wana shida moja.

2. Maneno kama upanga

Msidhani kwamba alikimbilia ukimya kwa sababu hakuweza kusema. Wanaomjua kwa Mr. Bean peke yake wanaijua nusu tu ya kazi yake.

Toka mwaka wa 1979 mpaka 1982 alicheza katika televizioni ya BBC, katika Not the Nine O'Clock News, mchezo wa kuwacheka wakubwa na habari za kila siku. Toka 1983 mpaka 1989 alicheza Blackadder, mchezo wa mafungu manne, kila fungu katika zamani zake. Humo yeye ni mtu mwenye jina la Blackadder, na silaha yake ni ulimi. Anatukana kwa adabu, anadanganya kwa sentensi ndefu zilizonyooka, na kila mtu aliye karibu naye anakatwa na maneno yake.

Je, mwenye kigugumizi aliwezaje? Tazameni ustadi wake. Ziko herufi zinazomsumbua, hasa B. Badala ya kuikimbia herufi ngumu, aliishika kwa nguvu, akaivuta, akaisukuma nje kama mtu atupaye jiwe. Katika fungu la pili la Blackadder yuko msichana anayejivika kama mvulana na kujiita Bob. Kila mara Blackadder anapolitaja jina hilo, analitoa kwa uzito wa ajabu, na watazamaji wanacheka. Ndiyo kusema, pahali palepale alipokuwa akijikwaa, pakawa pahali pake pa nguvu. Hatusemi kwamba kila mwenye shida atapata dola kwa shida yake. Tunasema tu kwamba huyu hakungoja shida iondoke ndipo aanze kazi.

Tena Blackadder si mchezo wa kicheko kitupu. Fungu la mwisho ni habari za askari katika mahandaki ya Vita ya kwanza ya dunia. Mchana na usiku wanacheka ili wasife kwa hofu. Sehemu ya mwisho ilionyeshwa tarehe 2 Novemba 1989, siku tunayowakumbuka marehemu wetu wote. Humo amri inatoka, askari wanapanda kutoka handakini, wanakimbilia bunduki za adui, na picha inageuka shamba la maua mekundu. Waliocheka nusu saa nzima wananyamaza. Hapo tulijifunza kwamba mcheshi wa kweli anajua pia saa ya kuacha kuchekesha.

3. Kimya kinachosafiri

Haikupita hata miezi mitatu. Tarehe 1 Januari 1990, Waingereza wakamwona mtu yuleyule, sasa bila ulimi wake: Mr. Bean. Koti la kahawia, tai nyekundu, gari dogo la rangi ya limau lililofungwa kwa kufuli kama mlango wa ghala, na rafiki mmoja tu, dubu wa kuchezea. Jina lenyewe maana yake ni haragi. Walikuwa wamejaribu majina ya mboga nyingine pia. Nalo linaanza kwa B! Hatusemi kwamba alilichagua juu ya hiyo, lakini tunafurahi kuona kwamba herufi iliyokuwa adui yake imekuwa mwanzo wa jina lililomfikisha duniani kote.

Mtu huyu asiyesema hakuzaliwa siku moja. Atkinson alianza kumtengeneza tangu Oxford. Mwaka wa 1987 alikwenda Montreal, nchini Kanada, kwenye sikukuu kubwa ya wacheshi. Ilikuwapo michezo ya Kiingereza na michezo ya Kifaransa. Yeye, Mwingereza, akaomba awekwe kati ya wale wa Kifaransa. Sababu gani? Alitaka kujua kama watu wasioshika lugha yake watacheka. Walicheka. Tena mwalimu wake mmoja katika ukimya alikuwa Mfaransa, Jacques Tati, aliyecheza Monsieur Hulot, mtu mrefu mpole anayeharibu kila kitu bila kukusudia.

Sehemu ya kwanza ilipata zawadi ya Waridi la Dhahabu mjini Montreux, Uswisi, mwaka ule wa 1990. Na mpaka 1995 zilitengenezwa sehemu 15 tu. Ndiyo, 15 tu! Wenye televizioni wengine wangekamua ng'ombe huyu mpaka damu itoke. Yeye aliacha mapema, na kwa hiyo watu wangali na hamu. Leo michezo ile inapita katika simu za vijana wetu, na bibi wa kijijini anaielewa sawasawa na mwanafunzi wa London.

4. Mtu aliyeanguka toka juu

Sasa tuutazame mchezo wenyewe. Mwanzoni mwa sehemu nyingi tunaona njia yenye giza. Mwanga unashuka toka juu, na Bean anaanguka chini kama mfuko wa chumvi. Waimbaji wa kanisa kuu la Southwark, London, wanaimba kwa Kilatini muziki wa Goodall. Mwenye kusoma kidogo Kilatini atasikia kwamba wamegeuza maneno ya Pilato, alipomwonyesha Yezu mbele ya makutano, wakalitia haragi ndani yake. Wakristu wengine watachukizwa. Sisi pia tulikunja uso mara ya kwanza. Lakini tukifikiri zaidi tunaona maana: tazameni, huyu naye ni mtu. Ameanguka katikati yetu, hajui desturi zetu, hana ndugu, na hakuna aliyemfundisha. Atkinson mwenyewe amesema kwamba Bean ni mtoto katika mwili wa mtu mzima. Ukilijua hilo, mambo yake mengi yanafunguka.

Chukueni sehemu ile ya kwanza. Ina visa vitatu. Katika kisa cha kwanza Bean yuko katika mtihani. Anaona maswali hayajui, basi anachungulia karatasi ya jirani, anapuliza, anajikunyata, anafanya kila hila. Mwisho inajulikana kwamba ndani ya bahasha yake mlikuwa na karatasi mbili, na ile nyingine ndiyo iliyokuwa na maswali aliyojifunza. Alitafuta kwa jirani kitu alichokuwa nacho mwenyewe. Mwalimu gani hangependa kuwaonyesha wanafunzi wake kisa hiki?

Katika kisa cha pili yuko pwani, anataka kuvaa nguo ya kuogelea. Karibu naye amekaa mtu. Bean anaona haya, basi anajipinda na kujikunja ili avae nguo ya kuogelea bila kuvua suruali kwanza, muda mrefu, kwa taabu kubwa. Kisha mtu yule anasimama na fimbo yake. Ni kipofu. Tazameni vizuri kicheko hiki kinamwangukia nani. Hakimwangukii kipofu hata kidogo. Kipofu anakwenda zake kwa amani. Tunamcheka Bean, na ndani ya Bean tunajicheka sisi, maana mara ngapi tumejitesa kwa hofu ya macho ya watu ambao hata hawatutazami?

Katika kisa cha tatu yuko kanisani. Hapa sisi makatekista tujihadhari, maana tunajulikana. Mahubiri ni marefu. Bean anasinzia, anainama polepole mpaka kichwa kinafika chini. Anajaribu kula peremende kwa siri. Wimbo unaimbwa, hana kitabu, hajui maneno. Lakini inapofika Aleluya, hiyo anaijua, anaipaza kupita wote. Nani kati yetu hajamwona Mkristu huyu katika parokia yake? Nani hajawahi kuwa yeye?

Tena yako mambo mawili yanayotuonyesha kwamba chini ya kicheko pana kisima cha huzuni. Katika sehemu moja Bean anaingia hotelini kula. Kabla ya chakula anaandika kadi ya sikukuu ya kuzaliwa, anaitia katika bahasha, kisha anaifungua mwenyewe na kushangaa kwa furaha. Katika sehemu ya Noeli, ya mwaka wa 1992, anatoka nje ya nyumba yake, anatupa kadi za Noeli katika tundu la mlango wake mwenyewe, halafu anaingia na kuziokota kama zimetoka mbali. Watu wanacheka. Lakini ukicheka hapo bila kuona mtu asiye na wa kumwandikia, umeona nusu ya mchezo.

Siku ileile ya Noeli, msichana anayempenda, Irma, amemwonyesha dukani picha ya wachumba, na mbele ya picha pana pete. Bean anamnunulia picha. Kisha anatoa kisanduku kidogo kama cha pete, uso wa msichana unang'aa. Ndani mna kikulabu cha kutundikia picha. Msichana anatoka akilia. Bean anabaki na dubu wake. Hakuwa na ubaya; alikosa tu kujua kwamba mwingine ana moyo wake. Tunamwonea huruma, lakini mchezo haumsamehi. Hiyo ni kazi safi.

5. Gari la magurudumu matatu

Tumesifu, sasa tuhukumu pia, maana anayepima kazi ya mtu na kutaja sifa tu, hajapima.

Liko gari dogo la buluu la magurudumu matatu, Reliant, ambalo linatokea mara kwa mara njiani. Bean analichukia. Analisukuma, analiziba njia, analipindua. Kosa lake ni nini? Hakuna. Naye dereva wa gari hilo hatumwoni uso hata mara moja. Kila mara linapolala ubavu, ukumbi unalipuka kwa kicheko.

Hapa ndipo tulipopata jibu la swali letu. Tunapomcheka Bean, tunamwona uso. Kila mkunjo wa paji, kila woga wa jicho, vinatuambia: huyu ni mtu kama wewe. Basi kicheko chetu kinarudi kwetu na kutufundisha. Lakini tunapocheka gari la magurudumu matatu, hatuoni uso. Mle ndani kuna mtu aliyekuwa akienda kazini kwake, labda hana fedha za gari la magurudumu manne. Mchezo umemficha ili tucheke bila kuumwa moyo. Ni hila ya kuchekesha, nayo inafaulu; lakini ni kicheko cha aina nyingine, na mtoto anayetazama hakuambiwa tofauti.

Watoto wetu katika katekismu walimcheka mwenzao namna hiyo. Hawakumtazama uso, walikuwa wameona shingo iliyovimba tu, wakalia «Bini!» Nasi mwalimu wao, tuliyefundishwa miaka mingi katika seminari, hatukumtazama zaidi ya wao. Wazee walisema: hujafa, hujaumbika. Maneno hayo tulikuwa tukiyahubiri wenyewe.

Liko na kosa la pili. Mwaka wa 1997 walimtia Bean katika filamu ndefu, wakampeleka Marekani, wakampa maneno ya kusema zaidi. Filamu ilileta zaidi ya dola milioni 200, lakini kwetu sisi maneno yale yalimpunguza. Haragi liliota midomo likapoteza ladha. Filamu ya 2007, inayompeleka Ufaransa mpaka Cannes, ilimrudishia ukimya wake, nasi tunaipenda zaidi. Michezo ya kuchorwa iliyoanza mwaka wa 2002 inawapendeza watoto, na sauti ni yake mwenyewe, lakini uso wa kuchora hauwezi kuona haya kama uso wa nyama.

6. Padri aliyekwama ulimi

Wasomaji watauliza: na anapowacheka watu wa kanisa je? Katika filamu ya Four Weddings and a Funeral, ya mwaka wa 1994, iliyoandikwa na Curtis, Atkinson anacheza padri mpya, Father Gerald, anayefungisha ndoa kwa mara ya kwanza. Anaogopa. Majina ya wachumba yanamgeukia mdomoni, hata jina la Roho Mtakatifu linamponyoka na kuwa jina la mnyama. Mapadri wengine hawakupenda. Lakini sasa tunajua kitu ambacho labda hawakukijua: huyu anayecheza padri mwenye ulimi mzito ni mtu aliyeonja mwenyewe uchungu wa neno linalokataa kutoka mbele ya makutano. Ndiyo maana hatumchukii Father Gerald. Tunamshikia pumzi, na anapofika mwisho wa sala tunashukuru pamoja naye.

Ilipotungwa Uingereza sheria ya kukataza chuki juu ya dini, Atkinson alisimama waziwazi, tangu mwaka wa 2004, akisema sheria isifunge mdomo wa anayetania dini au kuipinga. Sheria ilipitishwa mwaka wa 2006, ikiwa imelegezwa. Hatukubaliani naye katika kila neno. Yako mambo matakatifu ambayo mzaha unayajeruhi. Lakini imani inayovunjika kwa kichekesho kimoja ilikuwa imepasuka tangu zamani. Tena anayemcheka padri akiwa amekaa miaka katika kiti cha kanisa, hucheka kama ndugu.

7. Mzigo wa mcheshi

Tutaje na mambo mengine machache ya maisha yake. Mwaka wa 1994 alitoa sauti ya Zazu, ndege mshauri wa mfalme, katika filamu ya kuchorwa The Lion King, ambamo wanyama wengine wana majina ya lugha yetu, kama Simba na Rafiki. Mwaka wa 2001 alikuwa Kenya kwa mapumziko pamoja na jamaa yake. Rubani wa ndege ndogo waliyopanda alizimia wakiwa angani. Atkinson, asiye rubani, alishika usukani akaizuia ndege isianguke mpaka rubani akazinduka, wakatua salama Nairobi. Siku hiyo hapakuwa na aliyecheka.

Tarehe 27 Julai 2012, michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, alikaa kati ya wapiga muziki wakubwa, akapiga noti moja tu kwa kidole kimoja, tena na tena, kwa uso wa mtu aliyechoshwa na kazi yake. Dunia nzima ilicheka. Mwaka wa 2016 na 2017 alicheza Maigret, mkubwa wa polisi aliyetungwa na Georges Simenon, Mbelgiji. Mtu wa kimya asiyechekesha hata kidogo, naye alimweza.

Na mwaka wa 2021 alisema neno lililotushangaza: kwamba kumcheza Bean hakumfurahishi, kunamchosha na kumtia wasiwasi, maana uzito wote uko juu yake peke yake. Basi kicheko tunachopata bure jioni, mtu mmoja amekilipia kwa jasho. Mtu mwenye haya, mwenye ulimi mzito, aliingia katika nguo za mwingine ili dunia icheke. Na anapovua nguo hizo, anarudi kuwa mtu mtaratibu anayependa ukimya.

8. Jibu letu

Tulikwenda nyumbani kwa mtoto yule. Tuliomba radhi mbele ya mama yake. Kisha tulimwambia habari hii: yule Bini mwenyewe ana kigugumizi. Mtoto alitutazama kama mtu anayedanganywa. Akauliza, kwa taabu: «Na watu wa-wanamcheka?» Tukamjibu: wanamcheka Bean, yeye mwenyewe hawamcheki, wanamheshimu. Alinyamaza, kisha akaenda kuchota maji.

Siku ya mposho alirudi. Ilipofika Noeli tulimpa kazi katika mchezo wa watoto: awe mwenye nyumba ya wageni, anayemkatalia Yosefu mlango. Alivaa kofia ya babu yake, akasema maneno yake yote bila kukwama hata mara moja, kwa sauti kali, hata mama yake akashika mdomo. Hatutaki kuwadanganya: juma lililofuata, katika katekismu, alikwama tena kama zamani. Mpaka leo anakwama. Tofauti ni hii tu, kwamba sasa tunamngoja. Tulikaza amri darasani: neno la mwenzako ni lake, hata likichelewa. Aliyepaza sauti siku ile ndiye sasa anayewanyamazisha wengine.

Michezo ya Mr. Bean hatukuikataza. Vijana wataionyesha tena ukumbini siku mashini ya umeme itakapopata mafuta. Njoni na watoto wenu, mcheke sana, maana mtu huyu amefanya kazi ngumu ili mcheke. Lakini mwonyesheni mtoto uso wa Bean anaposoma kadi aliyojiandikia mwenyewe, na mwulizeni: nani yuko ndani ya lile gari la buluu? Na mkisha kucheka, geukeni mtazame nyuma ya ukumbi, kama yuko mtu aliyekaa pale bila kucheka.